Nani Hasa Anastahili Mafunzo ya Serikali?

Wengi wenu mlikuwapo ukumbini Alhamisi ile ya muhula wa kwanza, Chama chetu cha Kiswahili kilipoandaa mjadala wenye mada hii: "Vijana waliofaulu mitihani ndio wapewe kwanza nafasi za mafunzo na kazi zinazolipiwa na serikali." Mimi ndiye niliyefungua upande wa kuunga mkono. Nilisema dakika tano bila kushika karatasi, mtunza saa akagonga meza nikiwa bado na maneno mdomoni, na ukumbi ukanguruma. Tulipata kura 61, wenzetu 38. Nikazawadiwa kamusi ndogo ambayo hadi leo naitumia. Sasa nimemwomba mhariri nafasi ya kujipinga mwenyewe, kwani maneno niliyoyasema siku ile yamenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Kwa wale ambao hawakuwapo, nilisema hivi. Pesa za mafunzo ni kodi, na kodi ni jasho la mama muuza mboga na la dereva wa matatu. Pesa hizo ni kama mbegu, na mkulima mwenye akili hatupi mbegu juu ya mwamba. Kijana aliyepewa miaka minne ya sekondari akaichezea, akatoka na D, kwa nini apewe nafasi ya pili huku yule wa C+ amekaa nyumbani? Nikamalizia na methali isemayo mchumia juani hulia kivulini, makofi yakalia. Ukiniuliza leo methali ile ilihusu nini katika hoja yangu, sijui. Ilikuwa tamu tu.

Jioni ile nilifika nyumbani Magongo nikiwa na kamusi yangu mkononi. Kakangu alikuwa ametoka gereji, amechuchumaa mlangoni, anasugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga na mchanga kama afanyavyo kila siku. Nikamrudia hotuba yote, na mikono nikairusha vilevile nilivyoirusha ukumbini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Na hiyo D uliyoitaja, ni ya nani?"

"Si ya mtu. Ni mfano tu."

"Haya basi," akasema, akachukua ndoo akaenda kuoga.

Kakangu alipata D+ katika KCSE ya mwaka 2022. Nilikuwa najua, nyumbani sote twajua, lakini Alhamisi ile nikiwa mbele ya watu sikumkumbuka hata mara moja. Hilo ndilo lililonichoma.

Acha niwaeleze ile D+ ilivyopatikana. Kakangu alisoma shule ya bweni mbali na hapa, jina lake naliacha. Alipokuwa kidato cha tatu, babangu alipoteza kibarua chake katika yadi ya makontena. Tangu hapo ikawa kila muhula kakangu anarudishwa nyumbani karo. Anakaa wiki mbili, mama anakopa kwenye chama, anarudi na nusu ya deni, baada ya siku kumi yuko tena kwenye basi. Kidato cha nne alikuwa akisoma madaftari ya wenzake usiku ili ajue walifundishwa nini. Sasa, mimi niliyesimama mbele yenu nikasema "akaichezea", ningependa mtu anionyeshe alicheza saa ngapi. Gredi yake haikupima akili pekee. Ilipima pia mfuko wa babangu. Na ukweli ni kwamba mimi nimewekwa shule hii ya kutwa kwa sababu ya deni lile lile, kwa hiyo hata ufasaha wangu wa ukumbini umelipiwa na kukosa kwake.

Deni lililobaki lilikuwa shilingi 34,500. Cheti chake kikafungiwa kabatini katika ofisi ya shule, na huko ndiko kiliko hadi leo ninapoandika.

Mwaka 2024 kukatoka tangazo la mpango mmoja wa mafunzo unaolipiwa na serikali. Kakangu alikuwa na miaka 21. Masharti tuliyasoma pamoja tukiwa tumeketi kitandani, na kila sharti alikuwa nalo: raia, kitambulisho, umri usiozidi miaka 24, afya, gredi ya kutosha. Sharti la mwisho lilitaka vyeti halisi. Akasafiri hadi shuleni kwake. Huko akaambiwa arudi na mzazi na salio. Akaenda saiba akachapisha matokeo yake ya mtandaoni, akayatia ndani ya bahasha ya khaki, akaamka saa kumi usiku kwenda kupanga foleni. Alipofika mezani afisa aliitazama ile karatasi akamwuliza cheti chenyewe kiko wapi. Akaeleza. Nyuma yake kulikuwa na watu pengine mia tatu, na afisa hakuwa na wakati wa hadithi. Saa tatu asubuhi kakangu alikuwa amesharudi nyumbani, akavaa ovaroli akaenda gereji.

Ndugu zangu, hapo ndipo swali la nani anastahili linapogeuka kuwa swali jingine kabisa. Kakangu alistahili. Masharti yenyewe yalisema anastahili. Alichokosa ni karatasi ya kuonyesha kwamba anastahili, na karatasi hiyo inashikiliwa kwa sababu ni maskini, na mpango wenyewe umewekwa kwa ajili ya maskini. Ni kama kumwambia mtu mwenye kiu kwamba maji ni bure, lakini alete risiti ya maji aliyokunywa jana.

Nilimpelekea Mwalimu wetu wa Historia malalamiko haya, nikidhani ataniambia ndiyo dunia ilivyo. Badala yake alinionyesha sheria. Ipo Sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya mwaka 2012, na kifungu chake cha 10 kinasema kwamba cheti cha mtahiniwa kisizuiwe na mtu yeyote wala taasisi yoyote. Nilikisoma mara tatu. Hakisemi "isipokuwa kwa deni". Kumbe kakangu alikuwa anaomba haki yake huku ameinamisha kichwa kama mtu anayeomba msaada.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja tena, nimeshapata funzo. Mwalimu huyo huyo aliniuliza: je, wewe ungekuwa mwalimu mkuu ungefanyaje? Serikali imeweka shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, na mzazi wa shule ya bweni ya kawaida akawekewa 40,535. Pesa za serikali zikichelewa na za mzazi zisije, aliyeleta maharagwe anadai, mpishi anadai, stima inakatwa. Mwalimu mkuu hana polisi wa kumfuata mzazi. Ana kabati tu, na ndani ya kabati mna kitu ambacho mzazi atakihitaji siku moja. Naelewa. Ila nauliza, deni la maharagwe ya mwaka 2022 litalipwaje na kijana ambaye umemnyima kazi ya kulilipia? Cheti kikae kabatini miaka kumi, hakizai hata senti. Deni lifuatwe kama madeni mengine yafuatwavyo, mzazi aandikiane na shule, alipe kidogo kidogo, na cheti kitoke.

Sasa tuitazame hiyo mipango yenyewe, maana wengi wetu twaizungumzia kama kitu kimoja, kumbe kila mmoja una ungo wake.

Mkongwe wao ni NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Wazazi wetu wengi wanaijua kwa sare na kwa kambi ya Gilgil. Ungo wake umekuwa umri, afya, kitambulisho, na katika matangazo ya miaka ya karibuni gredi ya chini ya KCSE ambayo mtu asiyeifikisha hachukuliwi. Mwaka 2009 ikaja Kazi kwa Vijana, ya kufyeka nyasi na kuchimba mitaro. Ilizimika baada ya maswali juu ya matumizi ya pesa. Kuanzia 2016 ukaja mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ule wa KYEOP, katika kaunti 17, yetu ya Mombasa ikiwa mojawapo. Huo ulichukua vijana wa miaka 18 hadi 29 wasio na kazi, ambao masomo yao hayakupita kidato cha nne, ukawapeleka hata kwa mafundi wa jua kali wakajifunze kwa mikono. Mwenzake wa sasa ni NYOTA, ambao nao unataka umri wa miaka 18 hadi 29, na kwa wenye ulemavu hadi 35, na masomo ya kidato cha nne kurudi chini.

Ebu tulieni hapo kidogo. Kidato cha nne kurudi chini! Yaani ukiwa na diploma huingii. Hoja yangu ya ukumbini ilisema waliosoma zaidi wawe mbele, na kumbe wenye kupanga mradi huu wamegeuza ungo juu chini, waliosoma zaidi wanabaki nje. Nilipolijua hilo nilihisi kama mtu aliyeshangilia bao kumbe kafunga upande wake. Tena mjue wenye hekima hii si watu wa huruma tu. Wamefikiri hivi: mwenye shahada ana mlango mwingine wa kubisha, hata kama haufunguliwi leo. Aliyekomea darasa la nane hana mlango hata mmoja. Ukiwaweka katika foleni moja na kuwapanga kwa karatasi, yule wa darasa la nane hatafika mezani hadi azeeke.

Na si maoni ya benki tu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 55, inaitaka serikali ichukue hatua, hata zile za upendeleo wa makusudi, kuhakikisha vijana wanapata elimu na mafunzo yanayowafaa na wanafikia kazi. Neno upendeleo nilikuwa nalichukia. Nikadhani upendeleo ni shangazi kuwa na binamu ofisini. Upendeleo wa Katiba ni kumsogeza mbele aliyesukumwa nyuma.

Kuna mpango mmoja ambao sitausahau kwa sababu niliuona kwa macho. Mwaka 2020, korona ilipofunga kila kitu, serikali ilianzisha Kazi Mtaani. Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa, nikawa nakaa dirishani kuangalia. Vijana wa mitaa duni walipewa kazi ya kufagia, kuzibua mitaro, kupanda miti. Katika awamu ya pili malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku, na 505 kwa msimamizi. Hapakuwa na gredi. Swali kubwa lilikuwa: unaishi wapi, na huna kazi? Nakumbuka mtaro wa nyuma ya nyumba yetu ukipita maji masafi, jambo ambalo sijaliona tena.

Lakini hata pale palikuwa na mlango wa uani. Gredi ilipoondolewa, mtu akachukua nafasi ya gredi. Majina yalikuwa yanaandikwa na wakubwa wa mtaa, na katika mtaa wetu waliamka watu wakakuta jina la mtoto wa mwenye nyumba za kupangisha limo, na la jirani yetu anayelala kwenye kibanda cha mabati halimo. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Kalamu iko mkononi mwa mwenye shibe." Nalitaja hili kwa sababu ndilo jibu ambalo wapinzani wangu wa leo watanipa, na ni jibu zito: ukiondoa vyeti, utabaki na kujuana. Cheti angalau hakina binamu.

Nimelifikiria sana jambo hili, hata katika hesabu za jioni. Naona si kweli kwamba ni lazima tuchague kati ya cheti na binamu. Majina yakiandikwa yabandikwe ukutani pa ofisi ya chifu siku saba kabla ya kupelekwa popote, yasomwe barazani mbele ya watu, na mtu aruhusiwe kusimama aseme, "Huyu namjua, ana kazi bandarini." Mtaani hakuna siri. Nani hana kazi, twamjua. Nani ana nyumba tatu, twamjua. Afisa aliyeko Nairobi na kompyuta yake hawezi kulijua hilo, lakini mama anayekaanga viazi kwenye kona anajua mpaka jina la shule uliyofukuzwa.

Papo hapo niseme neno juu ya kugawa kwa wadi. Mwaka 2025 NYOTA ulipotangaza mtaji wa shilingi 50,000 kwa kijana wa kuanzisha biashara, hesabu iliyotangazwa kwanza ilikuwa vijana 70 katika kila wadi, na wadi za nchi nzima ni 1,450. Zidisha utapata 101,500. Watu wakafurahi kwamba hakuna kaunti iliyoachwa, na mimi nilifurahi. Ila wadi si mizani. Wadi ya mji iliyosongamana kama zetu, na wadi ya watu wachache waliotawanyika, zote 70. Pale wanagombania kama mpira wa kona, huku labda foleni ni fupi. Upande wa pili nao una lake: wa mbali amekosa kila kitu miaka yote, barabara, stima, vyuo, kwa hiyo huenda ni sawa apate zaidi mara moja. Sina jibu la hili, na sitajifanya ninalo. Jambo nililolipenda ni kwamba maombi yalipitia simu, hata ya mulika mwizi, bila ya mtu kulazimika kupanga foleni alfajiri na bahasha ya khaki.

Sasa nimgeukie rafiki yangu mmoja. Tulifanya naye KCPE ile ya mwisho ya mwaka 2023, na alinishinda kwa alama 21. Mwaka jana akiwa kidato cha pili alipata mtoto. Shule haikumfukuza, tangu 1994 nchi hii ina sera ya kuwarudisha wasichana shuleni baada ya kujifungua, na mwongozo ukatengenezwa upya mwaka 2020. Aliyemkosesha ni mzigo wa nyumbani. Bibi yake anaugua, na mtoto hana wa kumshika. Siku hizi anakaa na fundi cherehani mmoja hapo barabarani, anatia vifungo na kupiga pasi, halipwi, ila anajifunza. Ana miaka 17.

Yeye kwa mipango hii yote ni hewa. Katiba inamhesabu mtu kuwa kijana kuanzia miaka 18 hadi kabla ya 35. Chini ya hapo ni mtoto, na mtoto mahali pake ni darasani. Sipingi sheria hiyo, kwani mtu akiruhusiwa kuandika kazini watoto wa miaka 15 tutamaliza shule zote. Vyuo vya ufundi vya kaunti, vile ambavyo wazee bado wanaviita politekniki za kijiji, vinaweza kumpokea. Lakini nani atamshika mtoto saa za chuo? Nimesoma masharti mengi mwaka huu, nimeona umri, gredi, kitambulisho, afya. Sijaona mahali paliposema kuna chumba cha watoto wachanga. Neno hilo moja likiwekwa, wasichana wangapi wangefuzu ambao leo hawafuzu? Kwa hiyo masharti si yale yaliyoandikwa tu. Kuna mengine hayakuandikwa, na hayo ndiyo makali zaidi.

Najua kuna mwenzangu wa upande wangu wa zamani anayesoma huku anatabasamu. Alinikabili juzi karibu na kantini. "Haya," akasema, "gredi umeitupa. Sasa mtu asiyejua hesabu atawekaje nyaya za stima ndani ya nyumba yangu? Ataniua!" Swali zuri, na sitalikwepa. Fundi lazima ajue kupima. Lakini je, KCSE ndiyo inayoonyesha kama anajua? Kakangu aliyepata E katika Hesabu anafungua gia boksi ya trela, anapanga meno yake chini juu ya gunia, na kuyarudisha bila ya kubaki hata skrubu moja. Anakadiria nafasi kati ya vyuma kwa kipande cha wembe. Mimi mwenye B ya Hesabu sijui hata gia boksi inafunguliwa upande gani.

Tena serikali yenyewe inalijua hilo. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, ambapo fundi anapewa chombo na kazi, anaifanya mbele ya mtahini. Siku hizi upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Kwa nini basi mtu anayetaka kuingia mafunzoni asijaribiwe hivyo hivyo? Mpe futi na kipande cha ubao, mwambie akate vipande vinne vilivyo sawa. Baada ya nusu saa utajua mengi kuliko cheti kitakavyokuambia. Na fundi aliyemlea, ambaye amekaa naye miaka mitatu, apewe fomu ya kusema anavyomjua, kama vile sisi tunavyoandikiwa barua na mwalimu wa darasa.

Isitoshe, wapanga masharti wasisahau kwamba KCSE yenyewe inaondoka. Sisi wa kidato cha tatu mwaka huu wa 2026 ndio kundi la mwisho la 8-4-4. Tutafanya mtihani mwaka 2027, na nyuma yetu wako wa gredi ya 10. Tangazo linalosema "gredi fulani ya KCSE" siku si nyingi litakuwa linawaongelea wazee. Ni lazima masharti yaandikwe upya kwa vyovyote. Mimi nasema yakiandikwa upya, yaanze na swali "umekosa nini?" kabla ya swali "umepata nini?"

Nimefika sehemu ngumu, na naomba radhi kwa wakubwa wangu kabla ya kusema. Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, jarida hili unalisoma kila mwaka, hata umetuandikia dibaji. Nimeambiwa na waliomaliza hapa kwamba ofisini kwetu pia kuna kabati. Sijui ndani yake mna vyeti vingapi, na si kazi yangu kuhesabu. Naomba tu jambo moja: wenye vyeti hivyo waitwe, waandikiane na shule watakavyolipa, na wapewe. Sisi wanachama tuko tayari kusaidia kuwatafuta, maana wengi tunawajua wako wapi. Mmoja yuko kituo cha bodaboda hapo lango kuu. Kila asubuhi hutuona tukiingia. Na ikiwa shule itapungukiwa, basi ombi hilo tulipeleke kwa pamoja kwenye hazina ya basari ya eneo bunge, kwamba wasifikirie walioko darasani peke yao, wafikirie pia deni la waliotoka.

Mwenyekiti wa chama amekubali mada ile irudiwe muhula ujao, na ameniruhusu nikae upande wa kupinga. Kamusi nimejitolea kuirudisha, lakini mlezi wetu amekataa, akasema nilishinda kwa haki kulingana na kanuni za mjadala. Watakaotaka kuja na ndugu zao wa nyumbani waje. Mlango wa ukumbi utakuwa wazi kuanzia saa tisa na nusu. Kakangu ameniahidi ataomba ruhusa gereji. Tangu Januari ameanza kupeleka shilingi 1,500 kila mwezi katika akaunti ya shule yake ya zamani, na anazitunza risiti zote ndani ya ile bahasha ya khaki. Mwezi wa Machi alitimiza miaka 23, na mpango aliokuwa akiutaka hauchukui mtu aliyepita 24.